Maganda ya risasi yaliyotumika: muuzaji akisema "yamepigwa mara moja", tumwamini kwa lipi?

Mzee wa Kilosa
Wakuu, salaam. Naishi Texas, nina bunduki moja ya bolti ya .308 ninayowindia kulungu kila Novemba, na huu ni mwaka wa nne tangu nianze kujijazia risasi mwenyewe pale gereji. Siku zote nilikuwa natumia maganda ya risasi nilizonunua mpya dukani, lakini yalipoanza kuchoka niliangalia bei ya maganda mapya, nikaguna, nikaamua kutafuta yaliyotumika. Kwenye maonyesho ya silaha nikampata muuzaji aliyenipa gunia la maganda 500 ya jeshi kwa dola 110, akaniapia kwamba yote yamepigwa mara moja tu. Yalikuwa yanang'aa kama vyombo vya harusi: yameoshwa, yametolewa fataki, na vitundu vya fataki vimekwisha kurekebishwa, kwa hiyo kazi yangu ilikuwa kubana, kupima urefu na kujaza.

Nilijaza 60 kwa kipimo cha chini cha baruti kilichomo kitabuni, nikaenda uwanja wa shabaha. Niliporudi na kuyapangusa, maganda 11 yalikuwa na mstari mwembamba unaong'aa, umelizunguka ganda kiasi cha milimita 8 juu ya kitako. Mengine 7 yalikuwa yamepasuka shingo. Maganda yangu ya zamani, kwa bunduki hiyohiyo na kalibu hiyohiyo ya kubania, hayajawahi kunifanyia hivi hata baada ya kujazwa mara ya tano. Naomba mnisaidie: tatizo ni gunia au ni mimi?

Mpima Chuma
Mzee, acha kupiga hayo yaliyobaki mpaka tumalize mazungumzo. Mstari huo ukiwa ndio wenyewe, hatua inayofuata ni ganda kukatika vipande viwili ndani ya chemba, yaani pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu, na gesi kukurudia usoni.

Nakuuliza jambo moja kwanza: ulijuaje kwamba yamepigwa mara moja? Ganda la jeshi hubeba ushahidi wake kitakoni. Kiwandani fataki hufungwa kwa pete ya kubania, yaani ukingo wa kitundu husukumwa ndani kidogo ili fataki isichomoke, na mara nyingi hupakwa rangi ya kuzuia maji. Ganda likiwa bado na fataki yake ya kwanza, iliyobanwa na pete yake na yenye dalili za ile rangi, basi limepigwa mara moja na hakuna ubishi. Fataki ikishatolewa na pete ikishasawazishwa, ganda lililopigwa mara moja na lililopigwa mara sita yanafanana kama mapacha. Muuzaji wako aliyafuta maandishi yote kisha akakusomea kwa mdomo yaliyokuwa yameandikwa. Umeuziwa mbuzi kwenye gunia, tena mbuzi aliyenyolewa.

Kijana wa Ilala
Mimi ni mgeni wa mambo haya na nipo Dar es Salaam, nafuatilia kwa udadisi tu. Naomba mtu anieleweshe, risasi ikishapigwa si imekwisha? Inakuwaje mnajaza tena? Na hizo fataki ndizo zile za sikukuu?

Mpima Chuma
Kijana, kinachotoka mtutuni ni kichwa cha risasi peke yake. Ganda hubaki nyuma, nalo mara nyingi ndilo sehemu ghali kuliko zote. Fataki ni kile kikombe kidogo katikati ya kitako, kinachogongwa na pini na kuwasha baruti. Mjazaji hulibana ganda kwenye kalibu ili lirudi umbo lake, huweka fataki mpya, baruti mpya na kichwa kipya. Ganda lenyewe ni shaba ya njano, kiasi cha asilimia 70 shaba na asilimia 30 zinki, na madini hayo yana tabia ya kutanuka chini ya shinikizo kisha kunywea kidogo, ndiyo maana ganda huziba chemba wakati wa mlipuko na bado likatoka kwa urahisi. Lakini kila linapopindwa huku na huku hugumuka, kama waya unaoukunja mara nyingi sehemu moja.

Mwana wa Namanga
Mzee wa Kilosa, mihuri ya kitakoni inasomekaje? Kama ni LC, yametoka kiwanda cha Lake City kule Independence, Missouri, na tarakimu mbili zinazofuata ni mwaka. Duara lenye msalaba ndani ni alama ya NATO.

Nauliza kwa sababu nilitumikia jeshi la Marekani miaka minane, na sehemu kubwa ya muda huo nilibeba rashasha ya M240, inayokula maganda kama hayo yako. Chemba ya rashasha huachwa na nafasi makusudi, ili bunduki iendelee kula hata ikiwa na vumbi na moto. Ganda linalotoka humo huwa limetanuka, bega, yaani pale mwili unapoanza kubanika kuelekea shingo, limesukumwa mbele. Baada ya mazoezi tulikuwa tukiinama mstari mzima kuokota maganda, kisha tunapekuliwa mifuko kabla ya kuondoka uwanjani. Yote yalimwagwa pipa moja: ya rashasha, ya bunduki za walenga shabaha, ya mwaka huu na ya mwaka juzi. Kwa hiyo muuzaji anaweza kuwa amesema kweli kabisa kwamba yamepigwa mara moja, ila hakukwambia yamepigwa na nini.

Mzee wa Kilosa
Asante, Mwana wa Namanga. Ni LC yote, yana ile alama ya NATO, na miaka ni mchanganyiko: mengi ni 06 mpaka 12, lakini yapo kama 90 yenye 68. Shingo zina kivuli cha zambarau hivi. Nilidhani ni uchafu uliobaki, baadaye nikaogopa kwamba yameungua.

Mpima Chuma
Kivuli hicho kisikutishe. Kiwandani shingo hupitishwa kwenye moto ili shaba ilainike baada ya kuvutwa umbo, na jeshi huiacha rangi hiyo ionekane. Viwanda vya kiraia navyo huchoma, ila vingi huing'arisha ikafutika kabla ya kuuza.

Kuhusu rashasha, nakubaliana na nusu ya maelezo ya Mwana wa Namanga. Ganda lililotanuka mara moja huwa refu, lakini kwa kawaida halijawa jembamba kiasi cha kukatika. Wembamba hutokea hivi: unalibana ganda, unalisukuma bega nyuma kupita chemba yako inavyohitaji, kisha unapiga. Pini ikigonga, mwili wa ganda hung'ang'ania kuta za chemba wakati kitako bado kina nafasi ya kurudi nyuma, na shaba iliyo juu kidogo ya kitako huvutika kama ubani. Ukirudia mara tatu nne, mstari umezaliwa. Sasa Mzee, kalibu yako umeifunga vipi kwenye presi? Ikiwa umefuata karatasi ya maelekezo, ukaishusha mpaka ikaguse kishikio cha ganda na kuongeza robo mzunguko, basi tatizo linaweza kuwa lako. Kwa bunduki ya bolti bega linatakiwa lirudi nyuma milimita 0.05 hivi, si zaidi.

Mwana wa Namanga
Lakini maganda yake ya zamani yamebanwa na kalibu hiyohiyo mara tano na hayana mstari. Hilo, ndugu yangu Mpima, umeliruka.

Mpima Chuma
Sijaliruka, nilitaka nione kama kuna anayesoma.

Binti Pangani
Habari zenu. Mimi napiga bastola kwenye mashindano huko Arizona, na kwa mwezi natumia maganda mengi kuliko Mzee wa Kilosa kwa miaka mitatu, hivyo niruhusuni niseme la kwangu. Kwa 9mm mambo ya bega na mstari hayatusumbui kwa sababu ganda halina bega na shinikizo ni dogo. Mimi hununua kwa kilo, tena machafu. Nasisitiza machafu. Masizi yanakwambia mengi: ganda lenye masizi upande mmoja, lenye tope, lenye kutu ya kijani, lililokanyagwa na gari, yote unayaona. Yakishaoshwa yanakuwa kama gari la mnadani lililopakwa rangi upya.

Kilo moja ya 9mm ina maganda kama 250. Nikifika nyumbani napitisha sumaku kwanza, maana yapo ya chuma yaliyopakwa rangi ya shaba. Halafu nayamwaga mezani na kuyatikisa, kwa sababu ganda la 9mm hupenda kujificha ndani ya .40, na .40 ndani ya .45, na mashine ikilikuta hivyo utatumia jioni nzima kulichomoa. Maganda ya .380 nayo hujipenyeza kwenye 9mm: yana kitako kinachokaribiana nacho, yamepungua urefu tu. Yapo ya 9mm yenye ngazi ndani, ukuta unakuwa mnene ghafla, na hapo kwenye ngazi ndipo hukatikia. Hayo nayatupa bila huruma. Kwa .45 kuna mtego mwingine, kwamba baadhi ya viwanda vilibadili kitundu cha fataki kutoka kikubwa kuwa kidogo, na vyote viwili vimo katika gunia moja. Na mara mbili nimekuta risasi nzima, haijapigwa, ndani ya kilo zangu. Fikirini ingeingia kwenye pipa la kusafishia au mikononi mwa mtoto.

Jambo la mwisho kabla sijasahau: fataki nyingi zina risasi, namaanisha yale madini ya risasi, na vumbi lake hubaki ndani ya ganda. Msisafishie jikoni.

Mpima Chuma
Dada, nasahihisha kidogo tu: hiyo 250 ni kwa ganda tupu. Yakiwa bado na fataki zilizopigwa, kilo moja hupungukiwa na maganda kadhaa, na yakiwa na maji ya mvua hupungukiwa zaidi. Muuzaji wa kilo anayajua hayo yote.

Binti Pangani
Nashukuru. Sasa najua kwa nini yule bwana wa Jumamosi huwa na ndoo zenye unyevu katikati ya jangwa.

Mkemia Mji Kasoro
Naona mmejadili mstari mkasahau shingo 7 zilizopasuka. Hizo zina historia yake. Katika karne ya 19, jeshi la Uingereza lililokuwa India lilikuta risasi zake zikipata nyufa ghalani, bila kupigwa, hasa nyakati za mvua za masika. Ilichukua miongo mingi kupata maelezo yanayoeleweka, na mwaka 1921 ndipo wachunguzi walipoonyesha kwamba ni amonia: shaba ya njano iliyobaki na mkazo ndani yake, ikikutana na unyevu na mvuke wa amonia kutoka kwenye mazizi ya farasi, hupasuka polepole. Kwa hiyo namwuliza Mzee: muuzaji aliyaosha kwa kitu gani? Wapo wanaotumia sabuni za vioo zenye amonia kwa sababu zinang'arisha haraka. Kung'aa kama vyombo vya harusi kunaweza kuwa ndiyo dalili ya ugonjwa.

Mwana wa Namanga
Au yana zaidi ya miaka 50 na yamechoka. Ganda la 68 ni mzee kuliko wengi wetu humu.

Mkemia Mji Kasoro
Miaka peke yake haipasui shaba, Mwana wa Namanga. Lazima pawepo mkazo, na lazima pawepo kitu cha kuushambulia. Vinginevyo tarumbeta za bendi za zamani zingekuwa zimekwisha zote.

Kaka wa Tampere
Salaam kutoka Ufini. Kilomita zaidi ya 150 kutoka ninapoishi ndipo ulipo mji wa Lapua, ambao jina lake wajazaji wote wanalijua kutoka kwenye mihuri ya maganda. Wenyeji hulikumbuka jina hilo kwa huzuni pia, kwa sababu tarehe 13 Aprili 1976 kiwanda cha risasi pale kililipuka na watu 40 wakafa.

Ninachotaka kusema ni cha hesabu. Mzee amelipa senti 22 kwa ganda, na kati ya 60 amepoteza 18 kwa mara moja. Ganda jipya zuri ni ghali mara kadhaa, lakini likitunzwa, likalainishwa shingo kwa moto kila baada ya mijazo michache, linaweza kujazwa mara 10 au zaidi. Mimi nina 100 tu, nimeyapa namba za kisanduku, na kila kisanduku kina karatasi yake ya idadi ya mijazo. Binti Pangani anahitaji kununua kwa kilo kwa sababu bastola yake inayatawanya. Mwindaji anayepiga risasi 4 kwa msimu na 60 za mazoezi anahitaji gunia la nini?

Kijana wa Ilala
Kaka wa Tampere ameweka karatasi kwa kila kisanduku cha maganda, na mimi sina karatasi ya kliniki ya mtoto.

Nina swali lingine. Nimesoma kwamba kuna fataki za Berdan na za Boxer, na kwamba za Berdan ndizo za Ulaya. Huyo Berdan alikuwa Mzungu wa nchi gani?

Mpima Chuma
Hapo ndipo historia inachekesha. Hiram Berdan alikuwa Mmarekani, na mtindo wake ukaenea Ulaya. Edward Boxer alikuwa Mwingereza, na mtindo wake ndio unaotawala Marekani. Wote wawili ni watu wa miaka ya 1860. Kwa mnunuzi wa maganda tofauti yake inaonekana ukichungulia ndani kwa tochi: Boxer ina tundu moja la moto katikati, Berdan ina matundu mawili madogo kandoni. Ukilipeleka la Berdan kwenye kalibu ya kawaida utavunja pini yake ya kutolea fataki.

Msafiri wa Voi
Kwetu Taita Taveta maganda ya risasi hayauzwi kwa kilo, yanaokotwa kama kumbukumbu. Pale kilima cha Salaita, ambapo Wajerumani na askari wao waliwarudisha nyuma Waafrika Kusini tarehe 12 Februari 1916, mvua ikinyesha unaweza kuliona ganda limejitokeza kwenye udongo mwekundu. Babu alikuwa nalo moja la .303, limekuwa la kijani, na jingine nene ambalo mwongozaji mmoja wa watalii aliniambia ni la Mauser ya mwaka 1871, zile zilizotoa moshi mwingi hata adui akajua ulipo. Wakuu, hilo la babu likijazwa litapiga?

Mkemia Mji Kasoro
Usithubutu, mwache babu apumzike. Mbali na kuoza, fataki nyingi za zamani zilikuwa na zebaki, na baada ya kupigwa zebaki hiyo huingia ndani ya shaba na kuifanya iwe kavu, ivunjike kama biskuti. Unaweza kulibonyeza kwa koleo ukalisikia likilia.

Mzee wa Porini
Nimefanya kazi za uwindaji wa kitalii upande wa Arusha na Selous kwa miaka 27, na nikiona wageni nawatambua wajazaji siku ya kwanza, tunapokwenda kupima darubini. Asiyejaza hupiga, akatazama shabaha. Mjazaji hupiga, akatazama majani. Nimemwona bwana mmoja, mtu mzima mwenye tumbo lake, amepiga magoti kwenye nyasi kavu akipapasa kutafuta ganda moja la .375, na mfuatiliaji wetu amesimama kando na fimbo akiangalia nyoka. Ganda lenyewe la .375 H&H, la tangu 1912, lina mkanda kitakoni, na mkanda huo ndio unaolishikilia ganda kwenye chemba, kwa hiyo bega huachiwa nafasi kubwa na ganda huvutika juu ya mkanda mapema sana. Yule bwana alinionyesha waya aliopinda ncha yake kama ndoana, akiuingiza ndani ya ganda na kuukwaruza ukutani kuanzia chini kwenda juu. Palipokuwa na mfereji, waya ulikwama. Mzee wa Kilosa, fanya hivyo, kwa sababu mstari wa nje peke yake unaweza kuwa alama ya kalibu tu, pale inapoishia.

Kijana wa Ilala
Mzee wa Porini, basi mgeni akiondoka tukikusanya maganda yaliyobaki tunaweza kujijazia huku?

Mzee wa Porini
Huku nyumbani usilifikirie, mjukuu wangu. Kutengeneza risasi bila leseni ni kosa la jinai, na kukutwa na maganda yasiyo na maelezo kutakupa maswali ambayo hutafurahia kuyajibu.

Mtoto wa Bumbuli
Niongeze hapo. Mimi niko Ujerumani, na huku huwezi kununua baruti ya kujazia bila kupita kozi na kupata kibali chini ya sheria ya vilipuzi. Ganda tupu unalinunua bila shida, lakini ganda bila baruti ni pambo. Naomba walioko Marekani waseme sheria yao, kwa sababu naona vijana wetu wa vyuoni wanasoma uzi huu.

Mwana wa Namanga
Kwa matumizi yako mwenyewe serikali kuu ya Marekani haidai leseni. Ukitaka kuuza risasi ulizojaza ndipo unahitaji leseni ya utengenezaji. Majimbo yana nyongeza zao. Lakini mwenye viza ya muda, kama ya masomo, kwa kawaida haruhusiwi kumiliki silaha wala risasi, isipokuwa kwa misamaha michache kama kuwa na leseni halali ya uwindaji. Wenye kadi ya ukaazi wa kudumu hawamo katika katazo hilo. Na asitokee mtu akafunga maganda kwenye sanduku la zawadi kupeleka nyumbani, maana hata ganda tupu lina masharti yake ya kuvushwa mpaka.

Mzee wa Kilosa
Nimerudi, na nina majibu ya waya. Kati ya yale 11 yenye mstari, waya umekwama kwenye manne tu. Saba ni laini kabisa ndani, hivyo Mzee wa Porini ana haki kwamba mengine ni alama ya kalibu. Moja kati ya hayo manne nimelibana kwenye jiliwa na kulikata kwa msumeno wa chuma kwa urefu wake, nikasugua ukingo kwa msasa mpaka ukaonekana vizuri. Ukuta unaanza mnene kitakoni, unapungua taratibu kama inavyotakiwa, kisha ghafla kuna kishimo kama kilichochimbwa kwa ukucha, pale palepale penye mstari, na juu yake ukuta unarudi kuwa mnene. Kwenye kishimo imebaki kama nusu ya unene. Nimelikalia kimya dakika nzima.

Kisha nikachukua 50 ambayo sijayabana wala kuyapiga. Waya umekwama kwenye mawili.

Mwana wa Namanga
Mawili ambayo kalibu yake haijayagusa! Nadhani tumemaliza.

Mpima Chuma
Hatujamaliza. Hayo mawili yanaashiria kwamba muuzaji alidanganya kuhusu mara moja, kwa sababu, kama nilivyosema, kupigwa mara moja kwa kawaida hakutengenezi mfereji, hata kwa rashasha. Huenda yalijazwa na mtu mwingine kabla. Lakini 2 kati ya 50 ni asilimia 4, na 4 kati ya 60 ni karibu asilimia 7. Tofauti hiyo inaweza kuwa bahati mbaya, na inaweza kuwa kalibu yako imemalizia kazi. Pima mabega.

Mzee wa Kilosa
Sina kipimo cha bega.

Binti Pangani
Tafuta ganda moja la .40, lisawazishe mdomo, livishe juu ya bega la ganda lako la .308, kisha pima vyote pamoja kwa kalipa. Kipimo chenyewe hakina maana, unachotafuta ni tofauti kati ya ganda na ganda. Ukikosa la .40 nitakutumia, ninayo ndoo.

Mzee wa Kilosa
Nimelipata uwanjani, asante dada. Katika yale ambayo sijabana, mabega yanatofautiana mpaka milimita 0.15. Yale niliyopiga kwenye bunduki yangu yako karibu sawa yote. Na nikilibana moja lililotoka kwenye bunduki yangu, bega linarudi nyuma milimita 0.12.

Mpima Chuma
Zaidi ya mara mbili ya kinachotakiwa. Pandisha kalibu yako juu kidogo, Mzee.

Mwana wa Namanga
Na hiyo tofauti ya 0.15 ni chemba nyingi mbalimbali, zikiwemo za rashasha. Kila mmoja wetu ameondoka na kitu.

Mkemia Mji Kasoro
Na shingo? Au shingo hazina mtetezi?

Mzee wa Kilosa
Nilizitazama kwa kioo cha kukuzia. Katika 7 zilizopasuka, 5 ni za mwaka 68 na 2 ni za 09. Tatu zina ufa ulionyooka kutoka mdomoni kwenda chini. Nyingine zina ufa uliopinda, na mmoja umeanzia begani bila kufika mdomoni. Nilimpigia simu muuzaji, akasema aliosha kwa maji, limau na sabuni ya vyombo.

Kuna jambo ambalo sikulisema mwanzoni kwa sababu sikuona umuhimu wake. Gunia hilo lilikaa miezi mitatu stoo kabla sijaligusa, na stoo inapakana na banda la kuku wa mama watoto. Ukuta ni wa mbao.

Mkemia Mji Kasoro
Wakuu, samadi ya kuku! Hata India hawakuwa na amonia ya namna hiyo.

Mpima Chuma
Polepole, Mkemia. Maganda yake ya zamani yalikaa wapi?

Mzee wa Kilosa
Stoo hiyohiyo, lakini ndani ya masanduku ya plastiki yenye vifuniko.

Mwana wa Namanga
Na ya 06 mpaka 12 yalikuwa gunia moja na ya 68, yakivuta hewa ileile ya kuku, na yamepasuka mawili tu. Umri, ndugu zangu.

Mkemia Mji Kasoro
Au ya 68 yalikwisha kujazwa na kubanwa mara nyingi zaidi, yakawa na mkazo mkubwa zaidi, yakawa chakula cha amonia. Ufa ulioanzia begani bila kufika mdomoni si wa uchovu wa kawaida, Mwana wa Namanga, na wewe unalijua hilo.

Kaka wa Tampere
Narudia swali langu ambalo halijajibiwa: mwindaji anahitaji gunia la nini?

Mzee wa Kilosa
Kaka, nimekusikia, nimeagiza 50 mapya. Ya 68 yote nimeyaponda kwa koleo na kuyatia kwenye ndoo ya chuma chakavu ili asije mtu akayajaza. Ya 06 mpaka 12 nitayapitia moja moja kwa waya, na kalibu nimekwisha kuipandisha. Kwa ajili ya ubishi wenu nimetenga humo mafungu mawili ya 100, moja limebaki stoo karibu na kuku na jingine nimeliweka chumbani chini ya kitanda, na nitayatazama tena baada ya miezi mitatu. Mama watoto ameuliza kama kinachohama ni maganda au ni mimi.

Mkemia Mji Kasoro
La stoo liache wazi, usilifunike. Na uandike tarehe.